Mwaka Niliokaa na Kadi Nyekundu

Tulimzika Wafula Jumamosi iliyopita huko kwao Bumula, na watu wa Kampuni ya stima, wa zamani na wa sasa, tulijaza hema nzima, matumbo mbele, miwani puani, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba hajabadilika hata kidogo, uongo ambao nadhani Mungu huusamehe matangani. Kifungua mimba wa Wafula alishika kipaza sauti akatuambia babake alikuwa fundi wa nguzo kwa miaka mingi na hakuna alichopenda kusimulia nyumbani kama siku aliyokuwa juu ya nguzo kule Kapsokwony, naye mama mmoja pale ofisini Bungoma akakataa kuinuka kwenye kiti siku nzima, mkubwa wake akimfokea, ili mtu asije akawasha stima na kumuua. "Huyo mama yuko hapa," kijana akasema. "Auntie Njeri, simama tukuone." Nilisimama. Nilipigiwa makofi ambayo waziri hajawahi kupigiwa katika kaunti ile. Mama aliyekaa kando yangu, ambaye hata simjui, alinishika mkono akalia. Nami nikapunga mkono kama mgombea kiti, nikakaa, nikamalizia chai yangu. Kijana alisema kama alivyoambiwa, na simlaumu. Lakini watu waliojua siku ile ilikuwaje walikuwa wawili tu, na mmoja ndiye huyo tumemfukia. Naandika kabla na mimi sijasimuliwa na kijana wangu.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na tano. Nilikuwa na miaka thelathini kasoro mmoja na nilikuwa nikifanya kazi Kitale, katika kampuni kubwa ya stima ambayo sisi wenyewe tuliiita Mama, kwa sababu ilitulisha, ilituvisha, na haikupenda mtu aolewe mbali. Usinielewe vibaya, Mama alikuwa mzuri. Alinipa sweta ya samawati yenye nembo kifuani, na ukiwa na sweta ile hapo mjini Kitale hata mbwa walikubwekea kwa adabu. Alinipa viatu vya ngozi ambavyo ningemkanyaga navyo simba akafa. Alinipa kadi ya hospitali, na kadi hiyo ilimlaza mama yangu mzazi wiki tatu na kumtoa akitembea, bila mtu yeyote kuuza ng'ombe. Nani analia kwa mambo kama hayo? Sasa ubaya wake. Kazi yangu ilikuwa kuambiwa kuna giza. Hiyo tu. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni nilikaa kwenye chumba chenye simu mbili, na Trans-Nzoia nzima, kutoka Kachibora hadi mpaka wa Uganda, ilinipigia simu kunieleza giza lilivyo, kana kwamba mimi sijawahi kuliona. Nami nikajibu, "Mafundi wako njiani." Nadhani nimesema maneno hayo mara milioni nne. Wakati mwingine nyumbani mtu aliniuliza kama chakula kiko tayari, nikamwambia mafundi wako njiani.

Kilichoniokoa nisishikwe na wazimu ni masomo ya jioni. Nikitoka kazini nilivuka barabara hadi shule ya msingi, chumba cha darasa la kwanza, na hapo watu wazima tulijikunja kwenye madawati ya watoto magoti yakitugusa masikio. Kulikuwa na askari, muuza nyama, na mama mmoja aliyekuwa na wajukuu watano na aliyeogopa hesabu kuliko chui. Mwalimu wetu aliitwa Rotich, mrefu, mpole, koti moja miaka yote. Jioni moja alichelewa, basi mimi nikashika chaki nikawaeleza wenzangu hesabu za sehemu, nusu na robo, kwa kutumia kilo ya nyama, muuza nyama akakubali hesabu yangu na bibi mwenye wajukuu akapiga kigelegele. Kumbe Mwalimu Rotich alikuwa amesimama mlangoni. Alingoja mpaka tulipotoka. "Njeri," akaniambia, "wewe ni mwalimu. Ni vile tu hakuna mtu amekuambia." Nilicheka hadi machozi, lakini maneno yale nilirudi nayo nyumbani nikalala nayo. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka mwanzoni mwa mwaka ule, nilikuwa nimepita vizuri kuliko askari, muuza nyama na bibi wakijumlishwa. Mwalimu Rotich, ambaye sasa alikuwa amepata kazi katika chuo cha walimu nje kidogo ya Kitale, akanijazia fomu ya kuomba nafasi huko kwa mkono wake mwenyewe.

Mama, yaani Kampuni, naye akasikia nimesoma. Sijui nani alimwambia. Badala ya kuniachilia, akanipandisha cheo akanihamishia Bungoma.

Bungoma nilipanga chumba kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Nekesa, mwanamke mkubwa, mcheshi, aliyepika ugali wa wimbi na mboga ya mrenda mtu akasahau jina lake. Ukuta kati ya chumba changu na sebule yake haukufika darini, kwa hiyo yote aliyoyasema nilikuwa nayapokea kama taarifa ya habari. Wiki ya kwanza tu nilimsikia akimwambia dada yake, "Huyu mpangaji wangu ni wa stima." Dada yake akaguna kwa heshima. "Stima kabisa? Na bwana?" "Bwana hana, lakini ya nini? Si ako na Kampuni?" "Ni kweli. Na Kampuni haiwezi kumpiga." "Haiwezi. Na haiendi kwa mwanamke mwingine." Walicheka, nami nikacheka upande wangu nikiwa nimeuma blanketi. Halafu kicheko kikaisha, nikabaki nikiangalia dari, nikiwaza kwamba kwa maneno machache hao dada wawili walikuwa wameniozesha kwa Kampuni.

Chumba nilichopewa kazini kiliitwa Kontro. Kilikuwa na dirisha moja lililofungwa kwa kufuli ili vumbi lisiingie kwenye mitambo, na ufunguo wa kufuli hiyo ulipotea kabla mimi sijazaliwa. Joto lake lingeivisha yai. Ukutani kulikuwa na ubao wenye kulabu, na kila kulabu ilikuwa ya laini moja ya stima: Bumula, Kimilili, Kapsokwony na kadhalika. Fundi akienda kupanda nguzo, nilizima laini yake kwa swichi, nikaandika kadi nyekundu yenye jina lake na langu, nikaikata vipande viwili. Nusu moja alitia mfukoni akaenda nayo, nusu nyingine niliitundika kwenye kulabu. Mpaka nusu zile mbili zikutane tena mkononi mwangu, au nisikie sauti yake mwenyewe kwenye redio akisema ameshuka, hakuna mtu wa kugusa swichi ile, hata meneja, hata Rais akija na king'ora. Na aliyetundika kadi haondoki chumbani. Anakaa nayo. Ukienda chooni unaacha mlango wazi unaimba, ili wajue uko. Sheria ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuzifuata, na ilinifunga mguu kama mbuzi.

Barua ya chuo ikaja: nifike kuhojiwa siku fulani ya Agosti, saa nane mchana. Kutoka Bungoma nilihitaji kuondoka saa tano. Niliomba ruhusa kwa Bwana Simiyu, mkubwa wetu, mtu mfupi mwenye tai pana na roho ya haraka, akanipa. Asubuhi ya siku hiyo kazi ilikuwa moja tu, nguzo iliyolala upande kule Kapsokwony, na aliyetumwa alikuwa Wafula. Aliingia Kontro akivaa mkanda wake wa kupandia, akanikuta nimevaa gauni la kanisani chini ya sweta.

"Njeli! Leo umependeza kama bilusi."

"Wafula, wewe panda ushuke. Saa tano mimi natoka."

"Saa ine nitakuwa nimeshuka, bana. Ile ni nguzo ndogo. Ukiwa mwalimu usisahau kuchapa mtoto wangu, yule wa kwanza ni mkola."

Nilimkatia kadi. Akaenda na nusu yake.

Saa nne ikafika, redio ikawa inakoroma tu. Kapsokwony iko nyuma ya mgongo wa mlima, na redio yetu ilisikia milima kuliko ilivyosikia watu. Simu za mkononi zilikuwepo mwaka ule, ila mtandao kule ulipatikana juu ya jiwe moja tu, karibu na shule, na lazima usimame kwa mguu mmoja. Saa nne na nusu. Saa tano kasorobo. Mwenye kinu cha kusaga akaanza kupiga simu kutoka Kapsokwony, kumbe yeye alikuwa kwenye lile jiwe. "Dada, niko na watu mia mbili hapa na madebe yao. Mahindi haijisagi. Stima inarudi saa ngapi?" Nikamwambia mafundi wako njiani. Akasema hiyo njia inaenda wapi. Alipiga tena, na tena, mpaka Bwana Simiyu akasikia kutoka ofisini mwake akaja akiwa ameshika tai.

"Njeri, si uende? Hiyo kadi niachie."

"Haina jina lako, mkubwa."

"Ati jina. Mimi ndiye nilibandika hizo sheria kwa ukuta."

"Basi unazijua."

Alizunguka chumba mara mbili. "Wafula nguzo moja humaliza saa nne. Huyo ameshashuka zamani. Washa laini, wewe uende chuo, mimi nitoke kwa mdomo wa huyu mtu wa kinu. Sote tufurahi." Na niliuona mkono wake ukielekea swichini, si kwa ubaya, kwa haraka tu, kama mtu anayetaka kuzima redio. Nikaburuta kiti changu nikakiweka mbele ya swichi, nikakaa, nikakunja mikono. Sehemu hii kijana wa Wafula aliisimulia sawasawa. Simiyu alifoka, sauti yake ikasikika mpaka stendi. Aliniita mkaidi, akaniita mwanasheria, akaniita mtu wa Kitale. Mimi nilikaa. Nilikuwa namwona Wafula juu ya nguzo, ule mkanda, zile buti, mikono kwenye waya. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Saa saba na nusu nilijua kwamba hata ndege ya Rais ingenichukua pale mlangoni nisingewahi, na kitu kikafunguka kifuani mwangu, kama kifungo cha sketi baada ya kula. Nilidhani ni huzuni. Nililia kidogo ili ionekane ni huzuni.

Wafula aliingia saa kumi na robo. Alikuwa ananukia kuku.

"Ulishuka saa ngapi?" nikamuuliza.

Aliangalia viatu vyake. "Saa ine na nusu."

"Saa nne na nusu, Wafula? Na saa hizi ni saa kumi!"

"Sasa Njeli, ungekuwa mimi ungefanyaje? Shemeji yangu anakaa pale pale. Ameona gari ya Kampuni kwa balabala, amejua ni mimi, akafika tayali ameshika kuku kwa mguu. Ile kuku ilikuwa inaniangalia. Nikatae kuku ya shemeji? Bibi yangu angenifungulia mlango leo?"

"Na jiwe? Si ungepanda jiwe upige simu?"

"Jiwe lilikuwa na mtu wa kinu."

Kisha akatoa mfukoni, pamoja na nusu yake ya kadi, kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Akaniwekea mezani kwa mikono miwili. Ilikuwa firigisi. Wasiojua watu wa Bungoma hawataelewa. Kwao kuku akichinjiwa mgeni wa kiume, firigisi ndiyo heshima yake, na mwanamke haonjeshwi hata akiwa ndiye aliyempika. Wafula alikuwa amepewa heshima yake, akakaa nayo mbele ya wakwe bila kuila, akaivukisha mlima mzima akaniletea mimi. Hakujua kuomba msamaha kwa maneno, lakini hapo alikuwa ameomba kwa sauti kubwa. Ningemtupia usoni. Nilikuwa na hasira ya kupasua transfoma. Lakini pia sikuwa nimekula tangu asubuhi, na ilikuwa na chumvi ya kutosha. Niliila yote. Nikaunganisha nusu za kadi, nikawasha laini ya Kapsokwony, na mtu wa kinu akapiga simu kunishukuru kana kwamba nimeumba jua.

Kesho yake Mwalimu Rotich alipiga simu ya ofisi. Nilimweleza kwamba fundi alikuwa Kapsokwony na kadi ilikuwa na jina langu. Sikumweleza kuhusu kuku. Nilinuia, lakini alinitangulia. "Nimewaeleza wakubwa hapa," akasema, na sauti yake ilikuwa nzito, "kwamba mtu anayekaa kitini ili mwenzake asife ndiye mwalimu tunayemtafuta. Njoo Jumatatu, saa nane. Hawatakuuliza mengi. Nafasi yako wameishikilia. Lakini Njeri, ikipita Jumatatu, orodha inafungwa." Nikasema nitakuja. Wafula alinisikia, akapiga makofi, akaniahidi kwamba Jumatatu hata akiitwa kurekebisha taa ya mbinguni hatapanda.

Ijumaa ikaja barua nyingine. Hii ililetwa na Bwana Simiyu mwenyewe, akiishika kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa. Kampuni ilikuwa imenipa kazi ya kudumu. Ofisi yote iliimba, soda zikafunguliwa, mandazi yakaja kwa karai. Barua ilikuwa fupi: ilinishukuru kwa uangalifu wangu katika usalama wa mafundi, kisha ikataja mwaka nitakaostaafu. Mwaka wenyewe, uliopigwa chapa. Niliuangalia muda mrefu. Watu wengi hawajui watakuwa wapi wiki ijayo, mimi nilikuwa nimeonyeshwa kiti changu mpaka nywele ziwe nyeupe. Nilihisi nimeshiba na nimekabwa kwa wakati mmoja. Jioni Mama Nekesa alinipikia, akaomba Mungu kwa nusu saa, akimtaja kwa jina kila bosi wangu mpaka Nairobi. Nilimwambia kuhusu chuo. Alisimamisha kijiko. "Miaka miwili kwa bweni? Na wasichana wa miaka kumi na nane? Ukitoka huko, serikali ikuambie ungoje kazi?" Hakunikataza. Aliniongezea tu mrenda. Usiku huo nilipanga sanduku. Jumamosi nikalipangua nikitafuta soksi. Jumapili nikalipanga tena, nikapiga pasi gauni lile lile.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri kama imetumwa. Mvua ikinyesha hivyo hakuna fundi anayepanda nguzo, ni marufuku. Magari yote yalikuwa yamepangwa uani, mafundi wote wamejazana kantini wakicheza drafti. Ruhusa nilikuwa nayo. Sanduku lilikuwa chini ya meza. Bwana Simiyu, ambaye tangu ile siku alikuwa na aibu nami, alikuwa amesema dereva anifikishe stendi nisilowe. Ubao ulikuwa mtupu, kulabu zote zikining'inia bila kadi hata moja, na sijawahi kuuona mtupu hivyo tena katika miaka yangu yote pale. Hakuna kilichonishika. Saa tatu, saa nne, nilikaa kwenye kiti kile nikiangalia zile kulabu, na ndipo nikakielewa kile kitu kilichofunguka kifuani siku ya kuku. Haikuwa huzuni. Nilikuwa nimeogopa ile bodi ya walimu, ile meza yao, maswali yao, mtu wa masomo ya jioni mbele ya watu waliosoma chuo kikuu, na ile kadi nyekundu ilikuwa imenifichia uoga wangu ikauita ushujaa. Wafula aliingia na vikombe viwili vya chai, kimoja changu, akakaa kwenye benchi akapuliza chake. "Saa tano kasolo, mwalimu," akasema. "Deleva anawasha gali."

Niliinua simu. Nilipiga chuo. Mwalimu Rotich aliipokea yeye mwenyewe, lazima alikuwa amekaa karibu nayo.

"Uko njiani?" akauliza.

"Siwezi kuja, Mwalimu," nikasema. "Niko na kadi. Kuna mtu juu."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa kelele, na nilitumaini haisikiki Kitale. Kitale pengine kulikuwa na jua.

"Tena?" akasema polepole. "Wapi?"

"Kapsokwony."

"Ni yule yule?"

"Ndiyo. Ni Wafula."

Akaniambia Mungu anibariki, kwamba nchi hii ingekuwa na watu kumi kama mimi ingekuwa nchi nyingine. Alisema hivyo na alimaanisha. Nilisema asante, Mwalimu. Nikaweka simu chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Wafula alikuwa ameacha kupuliza chai. Aliangalia ubao, kulabu moja baada ya nyingine, akaangalia sanduku langu chini ya meza, akaniangalia mimi. Nilingoja acheke, au anitukane, ningekubali lolote. Huko nje dereva alipiga honi mara mbili. Wafula akaenda mlangoni akampungia mkono azime injini, akarudi, akakaa mahali pake.

"Sasa Njeli," akaniuliza kwa sauti ya chini, "mimi nishuke saa ngapi?"